Chini ya Unguja kwa siku moja: maswali ya mara kwa mara kuhusu vyumba vya Mkunazini na mapango ya Mangapwani

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaotaka kutoka asubuhi, kuona historia iliyo chini ya ardhi ya Unguja, na kurudi kabla ya magharibi. Saa zote ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi ni saa tatu baada ya jua kuchomoza.

## Mambo ya msingi

Ni sehemu zipi hasa?

Ni tatu, zote katika njia moja. Ya kwanza ni vyumba vya chini vya Mkunazini, Mji Mkongwe, katika kiwanja cha kanisa kuu la Anglikana, mahali lilipokuwa soko la watumwa. Mbili zilizobaki ziko Mangapwani, kilomita ishirini na ushei kaskazini mwa mji. Moja ni pango la asili lenye maji matamu chini yake, na nyingine ni chumba cha kufungia watumwa kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe.

Pango na chumba cha Mangapwani haviko pamoja. Vimeachana kama kilomita 2, na jambo hili ndilo linaloharibu safari nyingi (soma "Dereva anasema anapajua").

Kwa nini nizione zote, si Mkunazini tu?

Kwa sababu ukiona moja utapata nusu ya habari. Soko la mjini lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa. Marufuku hiyo iligusa biashara. Kumiliki mtumwa kulibaki halali Unguja na Pemba hadi amri ya 1897, na hata hiyo iliwaacha nje masuria, ambao walisubiri mpaka 1909. Mashamba ya karafuu yaliendelea kuhitaji mikono, na wanunuzi walikuwapo. Biashara iliyokuwa ikifanywa hadharani Mkunazini ikahamia mafichoni, kwenye fukwe za mbali na macho ya mji, na Mangapwani ilikuwa mojawapo.

Jina lenyewe linaeleza kitu: Manga ni Uarabuni, kwa hiyo Mangapwani ni pwani ya Wamanga.

Siku moja inatosha?

Inatosha, na nafasi inabaki. Mkunazini panataka saa moja na nusu: maonyesho ya juu dakika 45, vyumba vya chini dakika 10 hadi 15, kanisa na sanamu dakika zilizobaki. Njia ya kwenda Mangapwani kwa gari ya kukodi ni dakika 45 hadi saa nzima, kutegemea foleni ya kutokea mjini. Pango la maji ni nusu saa, chumba cha watumwa nusu saa, na kati yao dakika 10 za gari au nusu saa ya miguu juani. Ukiingia Mkunazini saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri utakuwa umesharudi mjini, chakula kikiwa kimehesabiwa.

Nianze mjini au shamba?

Ukilala mjini, anza Mkunazini. Maonyesho yaliyofunguliwa 2016 katika jengo la zamani la St Monica yanaeleza njia za misafara, bei, majina na sheria. Ukiyasoma kwanza, chumba cha Mangapwani hakitakuwa shimo tupu machoni pako. Ukitoka Dar es Salaam kwa boti, geuza mpangilio. Sababu iko hapo chini.

## Usafiri

Gari ya abiria au ya kukodi?

Gari za abiria zinazokwenda Bumbwini hupita Mangapwani na nauli yake ni ndogo. Vituo vya mjini vimehamahama miaka ya karibuni, kwa hiyo uliza asubuhi hiyo hiyo gari za Bumbwini zinapakia wapi, usitegemee ramani ya simu. Mwambie utingo mapema kwamba unashuka Mangapwani. Kutoka barabara kuu utatembea kuelekea pwani, kisha kutoka pango moja hadi jingine, na kurudi tena barabarani: jumla kilomita 5 au 6 zisizo na kivuli cha kutosha. Alasiri gari za kurudi hupungua. Ukipanda gari ya abiria, hakikisha saa tisa uko kituoni.

Mkiwa watu watatu au wanne, gari ya kukodi ndiyo yenye akili. Patana bei ya safari nzima pamoja na kusubiri, si ya kwenda tu. Dereva aliyekubali "kwenda Mangapwani" bila neno la kusubiri ana haki ya kuomba nyongeza mkifika, na hapo hamna gari nyingine ya kumtishia nayo.

Dereva anasema anapajua. Kwa nini watu hurudi wameona pango moja tu?

Kwa sababu kila kitu kule huitwa "pango". Ukisema "nipeleke pangoni", dereva atakupeleka kwenye lililo karibu na njia yake, na wewe utaondoka ukidhani umemaliza. Taja yote mawili kabla hamjaondoka mjini: pango la maji, na pango la watumwa. Ukishuka na kuona ngazi zinazoteremka kwenye shimo la asili lenye mizizi na mawe yasiyochongwa, uko pango la maji. Ukiona kitu kama nyumba iliyozama ardhini, kuta zake zimenyooka na ina paa, hicho ndicho chumba cha watumwa.

Natoka Dar asubuhi na kurudi jioni. Inawezekana?

Inawezekana kwa boti ya saa moja asubuhi na ya jioni, ila hakuna dakika ya kuchezea. Mwendo wa bahari ni kama saa mbili kila upande, na abiria hutakiwa bandarini mapema kabla ya boti kung'oa nanga. Gari iwe inakusubiri nje ya bandari. Nenda Mangapwani kwanza, Mkunazini mwisho. Ukichelewa shamba, Mkunazini unaweza kupafupisha, na kutoka hapo hadi bandarini ni robo saa kwa miguu. Ukianza na mji kisha ukakwama na pancha Bububu, boti itakuacha.

Usijaribu siku ya kusi kali kama tumbo lako halipatani na bahari. Pangoni hutafaidi kitu.

## Mavazi na mizigo

Nivae nini?

Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Ndara ndizo zinazoangusha watu, kwa sababu jiwe la matumbawe likiwa na unyevu huota utelezi wa kijani usioonekana gizani, na likiwa kavu lina ncha zinazokata kidole. Mabega na magoti yafunikwe: unapita vijijini, na Mkunazini unaingia kanisani, ambako kofia huvuliwa. Suruali nyepesi ni bora kuliko kanga ndefu, kwani kwenye ngazi za pango utahitaji mikono yote miwili na pindo litakukwaza.

Nibebe nini?

Tochi ya kichwani, kwanza kabisa. Tochi ya simu inafaa Mkunazini, ambako taa zipo. Pango la maji ni habari nyingine, maana mkono unaoshika simu ndio huo huo unaotakiwa kushika ukuta, na simu nyingi zimeishia majini kwa njia hiyo. Beba pia maji ya kunywa lita 1.5 kwa kila mtu, kitambaa cha jasho, plasta mbili tatu, na noti ndogo ndogo za shilingi. Mfuko uwe wa mgongoni.

## Mkunazini

Ni kweli watumwa walifungwa kwenye vyumba vile?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu waongozaji wengi hulijibu kwa neno moja.

Kwamba soko lilikuwa hapo halina ubishi. Kanisa lilianza kujengwa juu ya kiwanja hicho mwaka huo huo wa 1873, chini ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sana kuhusu Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Vyumba vyenyewe ndivyo vinavyobishaniwa. Viko chini ya jengo la wamisheni lililosimamishwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba vilijengwa pamoja na jengo hilo kama ghala la hospitali ya misheni. Simulizi ya mji inasema vilikuwapo kabla, na kwamba watu walirundikwa humo wakisubiri kunadiwa. Utaambiwa 75 chumba kimoja na 50 kingine. Hesabu hiyo ichukue kama simulizi.

Utaambiwa pia kwamba mfereji wa katikati ulisafishwa na maji ya bahari yaliyopanda na kushuka. Ukiangalia mahali, hilo si la ajabu kama linavyosikika: mkono wa bahari ulikuwa ukiingia nyuma ya mji hadi karibu na hapo kabla haujafukiwa, na ndiyo sababu mtaa wa jirani unaitwa Darajani ingawa leo huoni maji. Hata hivyo, kuwezekana si kuthibitika.

Ushauri wetu: shuka, tazama, muulize mwongozaji anajuaje. Mzuri atakueleza pande zote mbili.

Ndani pakoje? Naogopa sehemu finyu.

Unashuka ngazi chache. Dari ni ya chini kiasi kwamba mtu mzima wa kimo cha kawaida huinama. Pande mbili kuna majukwaa ya mawe yaliyoinuka, katikati mfereji, na mwanga wa nje unaingia kwenye nafasi nyembamba kama za kupitishia barua. Minyororo imewekwa hapo ili ionekane.

Kinachowashinda watu ni joto na msongamano kuliko ufinyu wenyewe. Kundi la watu 15 likiingia pamoja, hewa inakuwa nzito ndani ya dakika tano. Subiri kundi litoke, shuka na mtu mmoja, simama karibu na ngazi, na jipe dakika mbili tu. Makundi ya hoteli huanza kumiminika kuanzia saa nne hivi. Saa tatu asubuhi huwa kimya. Ukiona huwezi, sanamu ya uani inatosha. Ni watu watano waliosimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo ya kweli, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Unaiangalia ukiwa juu, hewani.

Kanisani nitazame nini?

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na nyekundu. Linaonyesha mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Msalaba mdogo wa mbao umetokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa 1873. Kisha rudi mlangoni utazame nguzo: zimesimamishwa kichwa chini. Husemwa mafundi walizipindua askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Watu wengi hupita pembeni yake bila kuziona.

## Mangapwani

Pango la maji lilijulikanaje?

Kwa mbuzi. Simulizi ya hapo ni kwamba kijana mtumwa wa bwana shamba Hamed bin Salim el-Harthy alipoteza mbuzi, akafuata sauti yake hadi kwenye shimo ardhini, na chini akakuta maji. Tangu hapo likawa kisima cha mashamba ya jirani.

Kwa nini maji yake si ya chumvi ilhali bahari iko pale pale?

Mvua ya Unguja haikai juu ya mawe ya matumbawe, hupenya. Ikipenya huokota ukali kidogo kutoka hewani na udongoni, nao hulila jiwe la chokaa polepole mpaka likawa na mashimo. Ndivyo pango lilivyozaliwa. Chini, maji hayo ya mvua hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa pili, na kwa kuwa ni mepesi zaidi huelea juu yake. Bwawa unaloliona ni sehemu ambayo sakafu ya pango imeshuka hadi kwenye tabaka hilo la juu. Ndiyo maana visima vya pwani vikichotwa kupita kiasi huanza kuonja chumvi.

Naweza kuoga au kunywa?

Usinywe, na usioge. Maji ni angavu na hudanganya kina, ukingo unateleza, na mwangaza unaishia hatua chache kutoka mdomoni mwa pango. Isitoshe, mafuta ya jua na sabuni vikiingia humo havina pa kutokea.

Nimeona vitambaa, vyungu na harufu ya ubani. Ni nini?

Mapango mengi ya Unguja ni mizimuni vilevile. Watu huleta nadhiri: vitambaa, ubani, wakati mwingine sarafu au chakula. Usiguse, usihamishe ili upate picha nzuri, na usicheke. Ukikuta watu wako katika shughuli zao, toa salamu, rudi nyuma, subiri juu mpaka waitike.

Chumba cha watumwa kikoje?

Kinahusishwa na Mohammed bin Nassor al-Alwi, mfanyabiashara wa watumwa, na hukadiriwa kuwa cha miaka ya 1880, yaani baada ya mkataba wa 1873. Kimekatwa mraba ndani ya mwamba na kuezekwa juu. Ukiwa mbali kidogo huoni kitu isipokuwa paa lililo karibu usawa wa ardhi, na hilo lilikuwa kusudi. Majahazi yalishusha watu ufukweni, wakafungiwa humo, kisha wakapelekwa mjini au mashambani usiku.

Ngazi zinashuka moja kwa moja na ndani pana giza la kutosha kuhitaji tochi hata saa sita mchana. Pitisha mkono ukutani: alama za zana bado zinahisika. Kisha zima tochi kwa nusu dakika, ukiwa umesimama mahali ulipo, bila kutembea.

Je, kujaa na kupwa kwa maji kunahusu safari hii?

Chini ya ardhi, hapana. Kunahusu ufukwe, kwa wanaotaka kuteremka kuona ulivyofichika. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Ukifika alasiri ya bamvua utakuta mchanga umemezwa. Mvuvi yeyote atakujibu "maji yanajaa saa ngapi" bila kutazama saa.

## Malipo na mapapasi

Viingilio vinalipwa wapi?

Kila sehemu hulipwa mlangoni, na Mangapwani kuna walinzi wawili tofauti, kwa hiyo tiketi ya pango moja haikuingizi jingine. Mwananchi na mkaazi hulipa kidogo kuliko mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho. Omba risiti.

Nichukue mwongozaji?

Mkunazini ndiyo, kwa sababu vyumba bila maelezo ni dakika tatu. Chukua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na uulize kama huduma yake imo ndani ya kiingilio. Papasi, yaani kijana anayewinda wageni mitaani, atakayekufuata kutoka Darajani akisema kanisa limefungwa leo, mwambie "ahsante kaka, nimeshapanga", na uendelee hadi mlangoni ujionee mwenyewe. Mangapwani mlinzi huwa ni mzee wa hapo hapo. Mpe shikamoo yake, muulize habari za pango, na bahashishi umpe mwisho.

## Hali maalumu

Watoto?

Pango la maji wanalipenda, lakini kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima. Maonyesho ya Mkunazini yana picha nzito; chini ya miaka minane, wapeleke moja kwa moja kanisani. Walimu wanaoleta darasa wagawe watoto kumi kumi kwenye vyumba, wengine wakibaki juu kwenye maonyesho na mwalimu wa pili.

Mzee au mtu asiyeweza ngazi?

Maeneo yote matatu yana ngazi, na la Mangapwani la maji ndilo gumu zaidi. Kanisa na sanamu ya uani vinafikika kwa urahisi zaidi. Chumba cha watumwa kinaeleweka kiasi hata ukikitazama ukiwa juu.

Masika?

Kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli Novemba na Disemba, ngazi za pango hutiririka maji. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, acha pango la maji, uende chumba cha watumwa na Mkunazini.

Ramadhani, Ijumaa na Jumapili?

Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Kunywa maji ndani ya gari, na mikahawa mingi itakuwa imefungwa hadi futari. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane usitarajie kumpata mlinzi Mangapwani, yuko msikitini. Jumapili asubuhi kanisani kuna ibada, kwa hiyo vyumba kwanza, kanisa baadaye.

Mtu akianguka pangoni?

Usimvute kwa haraka. Mwangazie, muulize anaumwa wapi, mtume mmoja juu ambako simu inashika, piga 112. Mkiwa na gari, hospitali kubwa ni Mnazi Mmoja, mjini. Jeraha la matumbawe lioshwe kwa maji safi mengi hata likiwa dogo, maana vipande vilivyobaki ndani hutunga usaha.

## Nje ya njia hii

Naweza kuongeza pango la Kuumbi siku hiyo hiyo?

Hapana. Kuumbi iko upande wa Jambiani, kusini mashariki, njia ya kinyume kabisa. Ipe siku yake. Huko habari si ya watumwa bali ya watu wa kale sana: wachimbaji wamekuta mabaki ya miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia, kutoka enzi ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara.

Niko Mombasa au Tanga. Kuna kitu cha namna hii karibu?

Mombasa, nenda Shimoni, Kaunti ya Kwale. Vuka Likoni, fuata njia ya Lunga Lunga, kisha kata kushoto kuelekea baharini. Pango liko kijijini penyewe, na ubishi wake unafanana na wa Mkunazini: wapo wanaosema lilikuwa la kufungia watumwa, wapo wanaosema wenyeji walilitumia kujificha wavamizi. Tanga kuna Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa jiji kwa njia ya Horohoro, na bajaji hufika. Pale uongozwe tu, usijitenge na kundi, kwani njia zinagawanyika gizani. Hadithi ya kwamba pango linatokea Mombasa au Kilimanjaro isikilize kwa raha yake. Wapimaji waliolipima 1994 walikuta njia ndefu kuliko zote haizidi kilomita moja.